Moto wa Kupika, Moto wa Kuhifadhi: Historia ya Jiko Mlimani Meru

Katika nyumba ya zamani ya Kimeru, ghala lilikuwa juu ya jiko. Mafiga matatu yalikaa sakafuni, na juu yake, mahali ambapo ndimi za moto hazifiki, palitandazwa uchaga wa miti uliobeba mahindi, maharage na mbegu za msimu ujao. Moshi ulipanda, ukapenya katikati ya magunzi, kisha ukajitafutia njia kwenye paa la nyasi au majani makavu ya migomba. Ulikausha punje, ukawafukuza fukusi, na masizi yake yakalikinga paa dhidi ya wadudu. Mama aliyechemsha ndizi za mchana alikuwa pia anahifadhi chakula cha miezi ijayo, kwa kuni zilezile.

Kwa sababu hiyo, historia ya jiko katika jiji la Arusha na vijiji vinavyouzunguka mlima haitengani na historia ya kuhifadhi chakula. Kila jiko jipya lilipoingia nyumbani lilileta nafuu fulani, na kila mara kuna kitu kilitoka ghalani bila kuagwa. Leo akina mama wanaosindika nyanya, maembe, karoti na matunda ya damu wanauliza ni jiko gani litakalobeba sufuria kubwa ya chupa na kuichemsha kwa saa nzima bila kuyumba. Wauzaji wengi wa majiko hawajawahi kuulizwa swali hilo. Mafiga yalikuwa yamelijibu kwa namna yake, na inafaa kufuatilia jibu hilo lilipotelea wapi.

Upande wa magharibi wa mlima, kwa Waarusha, moto ulifanya kazi nyingine ya aina hiyo. Kibuyu cha maziwa kilisafishwa kwa kijinga cha moto cha mti wa oloirien, mzeituni-mwitu wa nyanda za juu. Kaa lililowaka lilizungushwa ndani ya kibuyu, majivu yakatolewa, na maziwa yaliyomiminwa humo yakaganda vizuri yakiwa na harufu ya moshi. Maziwa ya mgando hukaa siku nyingi kuliko maziwa mabichi, kwa kuwa asidi inayojitengeneza ndani yake huwazuia vimelea waharibifu. Loshoro, mlo wa mahindi yaliyokobolewa, ndizi na maziwa ya mgando ambao bado unapikwa sana Arusha, umetokana na ujuzi huo wa kuhifadhi. Asidi hiyohiyo tutakutana nayo tena mbele, kwenye chupa ya nyanya.

Wajerumani walifika na moto wa aina nyingine. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Akeri, na majeshi ya kikoloni yaliyotumwa kulipiza kisasi yaliteka mifugo na kuharibu migomba. Mwaka 1900 boma la Arusha, ambalo sasa ni makumbusho, lilikuwa limesimama, likiwa limejengwa kwa kazi za kulazimishwa. Kulizunguka boma hilo ukakua mji mdogo wa maduka ya Wahindi, askari na wapagazi, yaani watu wasio na kihamba (shamba la migomba la familia) wala uchaga. Mji ulihitaji moto unaoweza kubebwa.

Jiko la mkaa la bati lilikuwa jibu la mji huo. Katika Afrika Mashariki jiko hilo linahusishwa na wafanyakazi wa Kihindi waliokuja kujenga reli, nao mafundi bati wakalifanya lao. Malighafi ilikuja pamoja na mafuta ya taa. Debe la galoni nne, karibu lita 18, likishaisha mafuta lilikuwa na maisha marefu kuliko alivyotarajia aliyelitengeneza: lilipimia mahindi, lilitekea maji, lilichemshia nguo, na lilipotoboka lilikatwa likawa jiko. Reli ya Usambara ilipofika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na kisha kufika Arusha mwaka 1929, bati na mafuta ya taa viliacha kuwa vitu adimu. Mkaa nao ukaanza kusafiri kutoka nyanda kavu zilizo chini ya mlima kuingia mjini.

Kwa mpishi wa mjini jiko la bati lilikuwa ukombozi. Halikuhitaji chumba kizima, lilitolewa barazani, na mkaa haukumtoa mtu machozi. Lakini halikuwa na uchaga juu yake. Familia ya mjini ilinunua mahindi kwa kiroba na maziwa kwa kikombe, na hifadhi ikawa kazi ya mwenye duka. Juu mlimani mabadiliko yalikwenda polepole zaidi, yakifuata kahawa. Wameru waliokuwa wanaipanda tangu miaka ya 1920 walitumia mapato yake kujenga nyumba za pembe nne zenye mabati, na jiko la kuni likahamishiwa kibanda cha nje. Mahindi yakabaki nyumba kubwa, ndani ya magunia. Hasara ya uhamisho huo ilionekana miongo kadhaa baadaye, pale dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati na kugunduliwa Tabora kuelekea mwanzo wa miaka ya 1980, alipozikuta ghala nyingi hazina tena moshi wa kumzuia.

Walowezi waliopewa ardhi kuzunguka Meru walikuja na desturi zao za kuhifadhi. Makaburu waliofika kuanzia mwaka 1904 walikausha nyama kwa chumvi na upepo. Wajerumani, Wagiriki na baadaye Waingereza walijenga nyumba za mashambani zenye jiko la chuma cha kalibu, lenye tanuri pembeni na bomba la kutolea moshi. Jiko la namna hiyo huchelewa kupata moto, lakini likishapata halipoi haraka, na uso wake mpana hubeba sufuria kubwa tatu kwa pamoja. Ukitaka kupika jamu ya matunda na kuchemsha chupa zake siku nzima, hakuna kifaa kinacholipita. Kuni zilikatwa na vibarua, na wapishi walikuwa wanaume wa Kiafrika waliojifunza kazi hiyo mekoni mwa mwajiri lakini hawakuweza kuirudisha kwao, kwa sababu jiko lenyewe lilikuwa zito na la bei kubwa.

Teknolojia iliyokuwa mezani mwa walowezi hao ilikuwa na karne moja tu. Mwaka 1795 serikali ya Ufaransa iliahidi zawadi kwa atakayepata njia ya kulinda chakula cha wanajeshi kisiharibike, na Nicolas Appert, mpishi wa peremende na vyakula vitamu, aliipata mwaka 1810: faranga 12,000. Alijaza chakula ndani ya chupa za kioo, akaziziba kwa kizibo na kuzichemsha kwa saa kadhaa. Hakujua kwa nini njia hiyo inafanya kazi, maana Louis Pasteur alikuwa hajazaliwa. Alijua tu kwamba moto mwingi, kwa muda mrefu, ndani ya chombo kilichofungwa, unalinda chakula. Mafiga ya Meru yalilinda chakula kwa moto mdogo, wa kila siku, kwenye uchaga ulio wazi.

Mwaka 1942 Tengeru ilipokea wageni wasiotarajiwa. Wakimbizi wa Kipoland, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamepelekwa uhamishoni katika Umoja wa Kisovieti na kutoka kupitia Uajemi, walijengewa vijumba vya msonge karibu na Ziwa Duluti. Walifika takriban 5,000, na kambi yao ikawa kubwa kuliko zote za Wapoland barani Afrika. Walikuwa na shule, kanisa, karakana na shamba lao. Kambi ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na makaburi yao yangali yanatunzwa katika eneo ambalo sasa ni la chuo cha mifugo. Ardhi hiyohiyo ya Tengeru, yenye udongo wa volkano na maji ya chemchemi, ndiyo baadaye ikawa makao ya utafiti wa mboga na matunda nchini.

Katika miaka hiyohiyo kambi ilipofungwa lilitokea tukio ambalo kila mzee wa Meru analijua. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili kuwapa Wazungu eneo la ufugaji. Nyumba zilichomwa. Anayeikumbuka nyumba ya Kimeru ilivyokuwa ataelewa ukubwa wa kitendo hicho: kuchoma nyumba kulikuwa kuchoma jiko, ghala na mbegu kwa kiberiti kimoja. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda New York kulieleza Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa juu ya dhuluma hiyo, na kesi ya ardhi ya Meru ikaingia katika historia ya kudai uhuru wa Tanganyika.

Uhaba wa ardhi haukuisha na uhuru. Mashamba ya walowezi yalikuwa yameufunga mlima kama pete, msitu wa hifadhi ukiwa juu na mashamba makubwa yakiwa chini, na katikati familia zilizidi kuongezeka kwenye vihamba vinavyozidi kugawanywa. Malisho yalikwisha, na ng'ombe akaingizwa bandani, akaletewa majani. Kwa mfugaji ilikuwa kazi ya kuchosha, lakini ilileta kitu ambacho mchungaji wa nyikani hana: samadi yote ya siku imelala mahali pamoja, hatua chache kutoka mlango wa jikoni.

Hapo ndipo Arusha ilipotoa mchango wake mkubwa katika historia ya jiko la Afrika Mashariki. Mitambo ya kwanza nchini ya bayogesi, yaani gesi ya kupikia inayotokana na samadi, ilijengwa na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, katikati ya miaka ya 1970 kwa mfano wa Kihindi, wenye pipa la chuma linaloelea juu ya tope na kupanda kadiri gesi inavyojaa. Pipa lilikuwa ghali, na lilishika kutu. Mwaka 1981 Bunge lilianzisha CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, makao yake yakiwa Arusha, na kuanzia mwaka 1983 kituo hicho kikishirikiana na GTZ, shirika la misaada ya kiufundi la Ujerumani, kikaanza kujenga mtambo wa aina nyingine: kuba la matofali lililofukiwa ardhini, lisilo na kipande cha chuma kinachosogea. Ludwig Sasse, Christopher Kellner na Ainea Kimaro waliuandikia kitabu mwaka 1991, na umbo hilo likajulikana katika nchi nyingine kwa jina la kituo, mtambo wa CAMARTEC.

Ugumu wa kazi ulikuwa kwenye ufa. Kuba la matofali likipasuka hata kidogo, gesi inavuja na jiko halina moto. Mafundi wa Arusha walijenga nusu tufe na kuweka pete maalumu kwenye ukuta wa kuba, ili ufa ukitokea chini usipande mpaka palipo na gesi. Mitambo ya awali ilikuwa mikubwa, kwa wafugaji wenye uwezo. Mpango wa taifa wa bayogesi wa majumbani ulipozinduliwa mwaka 2009, ukiwa chini ya CAMARTEC, vipimo vilishushwa hadi mita za ujazo 4, 6, 9 na 13, na familia yenye ng'ombe wawili ikaweza kuingia. Tope linalotoka upande wa pili lilirudishwa kwenye migomba na kahawa. Kwa mtu anayejali mlima huu, ni vigumu kutaja mradi mwingine wa nishati uliolingana hivi na maisha ya mahali. Ng'ombe alifungiwa bandani kwa sababu ya dhuluma ya ardhi, na samadi yake ikaokoa kuni za msitu.

Mjini, jiko la mkaa lilikuwa linapata sura mpya. Mwaka 1982, muda mfupi baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati jadidifu uliofanyika Nairobi mwaka 1981, mafundi wa Kenya walianza kuuza jiko la bati lenye bakuli la udongo wa kuchomwa ndani yake, wazo lililotoka kwenye jiko la ndoo la Thailand. Udongo ulihifadhi joto na kuokoa kati ya theluthi na nusu ya mkaa. Tanzania ililitengeneza kwa jina la Jiko Bora tangu mwisho wa miaka ya 1980, na baada ya miaka michache jiko lisilo na udongo ndani lilianza kuonekana la kizamani. Kwa maharage hakuna linalolipita, kwa sababu moto wake ni wa taratibu na wa muda mrefu. Majiko ya mafuta ya taa, ya utambi na ya pampu, yaliishi sambamba nalo katika vyumba vya kupanga, mpaka mwaka 2011 serikali ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Bei iliruka, na wapangaji wengi wakarudi kwenye mkaa. Mitungi ya gesi ilianza kuchukua nafasi miaka iliyofuata.

Wakati majiko yakibadilika, mazao nayo yalibadilika. Mwaka 1992 kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kilifungua tawi la Afrika huko Tengeru, jirani na taasisi ya taifa ya utafiti wa mboga na matunda. Mwaka 1997 zilitolewa aina mbili za nyanya, Tanya na Tengeru 97, zenye ngozi ngumu na nyama nyingi, zinazostahimili safari na kukaa sokoni bila kuoza upesi. Wakulima wa Meru, wenye maji ya mifereji, walizipanda kwa wingi. Lakini ngozi ngumu inaongeza siku, haiongezi miezi. Msimu ukifika kileleni, nyanya za masoko ya Kilombero mjini na Tengeru hushuka bei hadi mkulima anashindwa kulipia tenga, na miezi michache baadaye mji huohuo unanunua nyanya kwa bei ya dhahabu.

Viwanda vilichukua sehemu ya mzigo huo. Sosi ya nyanya ya Red Gold inatoka Arusha. Sehemu nyingine iliangukia mikononi mwa wanawake. Katika miaka ya 1990 SIDO, kwa msaada wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, iliwafundisha wanawake wa mikoa mbalimbali kutengeneza achari, jamu, sosi na juisi, na wahitimu wakafungua biashara zao. Wengi walianzia kwenye jiko la nyumbani. Achari haikuwa ngeni mjini: familia za Kihindi za Arusha zilikuwa zimeanika maembe juani kwa chumvi, pilipili na mafuta tangu enzi za boma. Jambo geni lilikuwa kuchemsha chupa mpaka ijifunge yenyewe na kukaa kabatini mwaka mzima.

Na hapa mlima unaingia tena, kwa njia ambayo vitabu vya mapishi kutoka pwani au ng'ambo havielezi vya kutosha.

Jiji la Arusha liko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi badala ya 100. Mpishi anayetoka Dar es Salaam hugundua haraka kwamba maharage ya Arusha hayaivi kwa saa alizozoea. Kwa wali na maharage hilo ni suala la subira na mkaa wa ziada. Kwa chupa iliyofungwa ni suala la uhai. Mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum hukaa kwenye udongo, zinaingia na mboga, na hazifi kwa maji yanayochemka. Ndani ya chupa isiyo na hewa wala asidi huota, zikatoa sumu isiyo na harufu, inayolemaza misuli na inayoweza kuua kwa kipimo kidogo sana.

Asidi ndiyo inayogawa kazi. Chakula chenye pH ya 4.6 au chini ya hapo, kama jamu ya matunda na achari yenye siki ya kutosha, kinalindwa na asidi yake, na kuchemsha chupa kwenye maji kunatosha. Nyanya imekaa mpakani, na aina mpya zenye ladha ya upole zinaweza kuvuka, ndiyo maana kila chupa ya lita moja huongezwa vijiko viwili vikubwa vya maji ya limao ya dukani, ambayo asidi yake imepimwa. Maharage, karoti, njegere, nyama na mchuzi havina asidi hiyo. Hivyo vinadai sufuria ya presha yenye kipimo, inayofikisha joto la karibu nyuzi 116, na kwenye mwinuko wa Arusha presha hiyo lazima ipandishwe. Majedwali ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, yanayotumiwa na wasindikaji wa nchi nyingi, yanataka ratili 11 kwa inchi ya mraba pwani kwenye kipimo cha mshale, na 13 kwa mwinuko wa kati ya mita 1,220 na 1,830. Jamu inayochemshwa dakika 5 pwani inachemshwa 10 Arusha. Presha ikishuka chini ya kiwango katikati ya kazi, hata kwa dakika moja, saa inahesabiwa upya kuanzia sifuri.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalopaswa kumwongoza mtu anayebadilisha jiko. Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6, wenye kichwa cha jiko juu yake, umeingia katika nyumba nyingi kuliko jiko lolote jipya la miaka ya karibuni, na kwa chai na wali unafaa sana. Kwa kusindika haufai hata kidogo. Lita 20 za maji ni kilo 20 kabla ya kuongeza chupa na sufuria yenyewe, na mzigo huo unakaa juu sana, kwenye kitako chembamba, huku kitako kipana cha sufuria kikirudisha joto chini kuelekea mtungi. Jiko la mezani la pleti mbili lenye uso wa kioo lina gesi ya kutosha, lakini kioo hakikutengenezwa kwa uzito huo wala kwa joto linalonaswa chini ya sufuria pana kwa saa nzima.

Jiko la mkaa lina nguvu na halianguki, lakini halitii. Presha ikipanda mno hakuna pa kupunguza isipokuwa kufunga mlango na kusubiri, na mkaa ukianza kufa katikati ya kazi, kuongeza mpya hushusha joto kabla ya kulipandisha. Kwa jamu na nyanya, ambapo maji yanahitaji kuchemka tu, msindikaji mwenye mkono mzuri analimudu. Kwa karoti za chupa, la hasha. Bayogesi ina moto wa utulivu na haina gharama ya kila siku, ila kwenye kuba la matofali msukumo wa gesi hupungua kadiri akiba inavyotumika, na moto wa asubuhi si moto wa saa nane. Mwenye mtambo anafaa kuanza kazi alfajiri, kabla chai ya familia haijapikwa, na kuachana na vyakula vinavyohitaji presha. Umeme ungekuwa na utii kuliko vyote, kama usingekatika. Majungu ya presha ya umeme yanayouzwa sasa yanapika maharage kwa umeme kidogo ajabu, lakini hayaruhusu mtu kuona wala kurekebisha presha yake, kwa hiyo hayachukui nafasi ya sufuria ya kusindikia.

Linalobaki ni jiko ambalo mama lishe na wapishi wa sherehe wamelijua siku nyingi: kichwa kimoja kikubwa cha gesi kwenye fremu ya chuma yenye miguu minne mifupi, mtungi wa kilo 15 ukiwa umewekwa mbali kwa mpira na regulata. Fremu kama hiyo huchomelewa na mafundi wa hapohapo Arusha. Sufuria inakaa karibu na ardhi, mtu hainui maji ya moto hadi kifuani, na moto unaongezwa au kupunguzwa kwa kidole. Halipendezi kama jiko la dukani. Linahitaji kupimwa kwa sufuria iliyojaa maji kabla ya kuaminiwa, na mtungi wa akiba uwe tayari, kwa sababu gesi ikiisha dakika ya 60 ya kazi ya dakika 75, kazi yote inarudiwa.

Sera nazo zinasukuma upande huohuo. Novemba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua mjadala wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, na Mei 2024 akazindua mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Kwa mapafu ya akina mama na kwa msitu wa Meru ni hatua iliyochelewa na inayostahili kila juhudi. Ila jiko linaloingia nyumbani linapaswa kupimwa pia kwa kazi ya kuhifadhi, ambayo moshi wa uchagani uliifanya bila malipo.

Taasisi za kufanya upimaji huo zipo tayari. CAMARTEC inajua majiko, Tengeru inajua nyanya, SIDO inawajua wasindikaji, na TBS, shirika la viwango la taifa, iliyokabidhiwa usimamizi wa usalama wa chakula mwaka 2019, inajua viwango. Kinachohitajika ni jedwali la kurasa chache, kwa Kiswahili, lililopimwa kwa majiko na sufuria zinazopatikana Kilombero, likieleza dakika na presha kwa kila mwinuko: kwa Arusha na Lushoto, kwa Mbeya iliyo juu zaidi, na kwa Njombe, ambako maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 94. Jedwali hilo likibandikwa ukutani mwa kila darasa la usindikaji, msindikaji wa Akeri au Ngaramtoni hatalazimika tena kufuata dakika zilizopimwa usawa wa bahari.